Je, Elimu Yaweza Kuhesabiwa? Habari za Robert Tomasulo na Makala Yake ya Mwaka 1967

Katika zama hizi tulizo nazo imeingia desturi mpya katika majumba ya elimu, nayo ni desturi ya kumpima mwanachuoni kwa hesabu. Hapo kale mtu akitaka kujua daraja ya mwalimu fulani aliuliza: Amesoma kwa nani? Hufundisha nini? Wanafunzi wake ni akina nani? Leo huulizwa: Ameandika makala ngapi, na makala zake zimetajwa na wenziwe mara ngapi? Jawabu hutolewa kwa tarakimu, na mara nyingi tarakimu hizo ndizo zinazoamua kama atapandishwa cheo, kama atapewa fedha za kufanyia uchunguzi, na hata kama atabakishwa kazini. Vijana wetu waliomo katika vyuo vikuu wanaijua habari hii vema; na wazazi wao huisikia kwao bila ya kufahamu asili yake.

Tumeona basi tulieleze jambo hili kwa kufuata habari za mtu mmoja, Robert Tomasulo, Mmarekani, mhandisi wa kompyuta. Elimu aliyoishughulikia ni ile iitwayo usanifu wa kompyuta, yaani elimu ya kupanga viungo vya ndani vya mashine hiyo: nani afanye nini, kwa zamu gani, na kwa haraka gani. Tumemchagua yeye kwa sababu ukimtia katika mizani hizi mpya atatoka mwepesi kama pamba, ilhali kompyuta iliyo juu ya meza ya mwanao, na simu iliyomo mfukoni mwako, aghalabu zinafanya kazi kwa fikira yake.

Kwanza yafaa tujue hesabu hizi zimetoka wapi. Mtaalamu anapoandika makala huwajibika kuonyesha alipopata kila neno lisilokuwa lake. Huandika: jambo hili limetajwa na fulani, katika kitabu fulani, mwaka fulani. Wanasheria wa Marekani ndio waliotangulia kukusanya majina hayo na kuyapanga. Tangu mwaka 1873 mtu mmoja aitwaye Frank Shepard, wa Illinois, alikuwa akichapisha orodha za hukumu za mahakama, kuonyesha kila hukumu imetajwa wapi baadaye, ili wakili asije akasimama mbele ya hakimu na hukumu iliyokwisha kutanguliwa. Katika mwaka 1955 Eugene Garfield, wa Philadelphia, aliandika katika jarida la Science kwamba yafaa sayansi nayo iwe na orodha ya namna hiyo. Na ilipofika miaka ya 1960 akaanza kuichapisha mwenyewe. Nia yake ya mwanzo ilikuwa ni kumwezesha mchunguzi kuifuata fikira kutoka makala hii mpaka ile, kama mtu afuataye mto. Kuwapanga wanachuoni safu kwa safu, huyu wa kwanza na yule wa mia, lilikuwa ni jambo lililozidi nguvu baadaye.

Msomaji Mwislamu hatalistaajabia jambo la kutaja asili, kwani maulamaa wa Hadithi waliliwekea kanuni zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Hadithi haikupokewa kwa matini yake tu, bali pamoja na isnadi yake: fulani amepokea kwa fulani, naye amepokea kwa fulani. Lakini ipo tofauti, nasi twataka msomaji aishike vema. Wale maulamaa hawakutosheka na kuhesabu njia. Walimpima kila mpokezi, uaminifu wake na hifadhi yake, wakaandika vitabu vizima juu ya hali za wapokezi. Orodha za leo hazimpimi mtu wala hazisomi alichokisema, zinahesabu tu.

Katika mwaka 2005 mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California kilichoko San Diego, jina lake Jorge Hirsch, alitoa kanuni ambayo imeenea upesi kuliko zote. Kanuni yenyewe ni nyepesi. Ikiwa mtu anazo makala 20 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 20, basi daraja yake ni 20. Ikiwa anazo 50 ambazo kila moja imetajwa si chini ya mara 50, daraja yake ni 50. Msomaji atafahamu mara moja maana yake kwa mtu aliyeandika kidogo. Mwenye makala mbili hawezi kupata daraja ya kupita 2, hata kama makala hizo zimetajwa na kila mhandisi aliye juu ya uso wa ardhi.

Sasa na tumtazame Tomasulo.

Alizaliwa katika mji wa New York mwaka 1934. Alisoma katika Chuo cha Manhattan, kisha katika Chuo Kikuu cha Syracuse, na mwaka 1956 akaajiriwa na kampuni ya IBM. Kampuni hiyo wakati ule ilikuwa ni mkubwa wa wakubwa katika biashara ya kompyuta, na ilikuwa na hofu moja. Kampuni ndogo, Control Data, ilikuwa na fundi mmoja hodari mno, Seymour Cray, aliyetengeneza mashine iliyoitwa 6600, iliyoshinda kwa haraka mashine zote zilizokuwapo. Habari zake zilipotangazwa mwezi wa Agosti mwaka 1963, Thomas Watson, mkuu wa IBM, aliwaandikia wasaidizi wake barua ya uchungu, akiwauliza ilikuwaje watu 34, na mfagiaji akiwa miongoni mwao, wakaitangulia kampuni yenye jeshi zima la wataalamu. Hivyo ndivyo IBM ilivyokaza kamba kutengeneza mashine yake kubwa, iliyoitwa System/360 Model 91. Na Tomasulo akawa mmoja wa waliopewa kazi hiyo.

Mashaka yaliyowakabili yalikuwa haya. Kompyuta hupewa amri zilizopangwa kwa mstari, moja baada ya nyingine. Baadhi ya amri huisha upesi, na nyingine huchukua muda mrefu. Katika Model 91 pigo moja la saa ya mashine lilikuwa ni sehemu 60 za sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Kujumlisha kulihitaji mapigo 2, kuzidisha 3, na kugawanya kulihitaji mengi zaidi. Kuchukua namba kutoka katika kumbukumbu kuu nako kulichelewa. Ikiwa kila amri itaingoja ile iliyo mbele yake imalizike, mashine ya mamilioni ya dola itakuwa imekaa bure sehemu kubwa ya siku.

Tuchukue mfano wa jiko la karamu, ambao mama wa nyumba ataufahamu kuliko mhandisi. Mwenye shughuli ameandika amri zake katika karatasi. Kwanza: chemsheni nyama mpaka iive. Pili: tieni mchele katika supu ya nyama hiyo. Tatu: kuneni nazi. Nne: kamueni tui. Mpishi afuataye karatasi neno kwa neno atasimama anaingoja nyama saa nzima, na huku nazi ziko, na mbuzi ya kukunia iko, na msaidizi amekaa kitako anapiga miayo. Mpishi mwenye akili atamwambia msaidizi aanze nazi sasa hivi, kwani nazi haina haja na nyama. Kufanya amri nje ya zamu yake, maadamu haitegemei amri iliyo mbele yake, ndiyo fikira ya kwanza. Na hiyo haikuwa ya Tomasulo peke yake, kwani hata mashine ya Cray ilikuwa nayo kwa namna yake.

Ugumu ulikuwa katika vyombo. Jiko la Model 91 lilikuwa na sufuria nne tu za kazi hii. Mashine za jamii ya System/360 kwa kawaida zilikuwa na rejista nne za namba za desimali, na IBM ilikuwa imewaahidi wateja wake kwamba programu iliyoandikwa kwa mashine moja itakwenda katika zote. Kwa hivyo haikuwezekana kuongeza sufuria ya tano. Basi karatasi ya mpishi husema: tieni supu katika sufuria ya pili, kisha mistari mitatu mbele husema: tieni tui katika sufuria ya pili. Mwenye tui amekwisha kulikamua, lakini hana budi kungoja, wala si kwa sababu tui lina haja na supu, bali kwa sababu sufuria ina jina moja na haijaachwa wazi. Mashine ya Cray ilipofika hapo ilisimama ikangoja.

Tomasulo alilitatua jambo hilo kwa hila nzuri sana, nasi twamwomba msomaji atuvumilie kidogo hapa kwa sababu hapa ndipo ulipo utamu wa habari yenyewe. Aliweka mbele ya kila mtendaji vituo vya kungojea, vitatu mbele ya mwenye kujumlisha na viwili mbele ya mwenye kuzidisha na kugawanya. Amri ikifika huingia katika kituo pamoja na namba zake. Ikiwa namba moja haijapatikana, kituo hakiandiki jina la sufuria. Huandika namba ya yule atakayeileta. Hakisemi, nangojea kitakachokuwamo katika sufuria ya pili. Husema, nangojea supu ya mpishi wa tatu. Na mpishi wa tatu akimaliza, hutangaza kwa sauti moja katika njia ya pamoja iliyopita mbele ya vituo vyote: hii hapa ya tatu! Wote walioingoja huichukua kwa mara moja. Tangu hapo jina la sufuria halina nguvu tena. Supu na tui zaweza kuwa njiani pamoja, kila moja ikiwa na namba yake, na hakuna atakayepewa isiyokuwa yake.

Haya yote aliyaeleza katika makala ya kurasa 9, iliyotoka katika jarida la kampuni, IBM Journal of Research and Development, mwezi wa Januari mwaka 1967. Katika toleo hilo hilo jina lake limo pia katika makala nyingine, iliyoeleza mpango wa mashine nzima, aliyoiandika pamoja na wenziwe Anderson na Sparacio. Alikuwa na umri wa miaka 32. Msomaji akiifungua makala ile ya kurasa 9 leo ataona maneno machache, michoro michache, na mtu anayeeleza alichokijenga bila ya kujisifu.

Kisha ikawa kimya kirefu.

Mashine zenyewe zilizojengwa zilikuwa chache, zipatazo 15 tu. Moja ilikwenda katika kituo cha Goddard cha shirika la anga la Marekani, ikatumika huko tangu mwaka 1968. Zilikuwa ghali, na zilikuwa na aibu moja iliyowachukiza waandishi wa programu. Kwa kuwa amri zilitendwa nje ya zamu, ilipotokea hitilafu mashine haikuweza kusema kwa hakika hitilafu imetokea katika amri ipi. Ni kama bibi wa nyumba aingiaye jikoni na kunusa harufu ya kuungua, akauliza mmefika wapi katika karatasi, na wote wakanyamaza, maana huyu yuko mstari wa pili, yule wa nne, na mwingine wa sita.

Tena kulitokea njia nyepesi zaidi ya kupata haraka. Katika mwaka 1965 Maurice Wilkes, wa Chuo Kikuu cha Cambridge huko Uingereza, aliandika makala ya kurasa 2, nasi twarudia, kurasa 2, akashauri kwamba kompyuta iwe na kumbukumbu ndogo ya haraka, itakayokaa karibu na mtendaji na kuweka vile vinavyotumika mara kwa mara, kama mpishi anayeweka chumvi na viungo karibu na mkono wake badala ya kwenda ghalani kila mara. IBM iliifanyia biashara fikira hiyo katika Model 85, iliyotangazwa mwaka 1968. Iliingia katika mashine baada ya mashine, na vituo vya Tomasulo vikaonekana ni gharama isiyokuwa na lazima. Ilipofika miaka ya 1980 wataalamu wengi wakawa wanapendelea mashine sahili zenye amri chache, na aliyesema habari za Model 91 alionekana kama asemaye habari za mababu.

Hebu sasa tuzitazame zile mizani. Majarida ya elimu yana kipimo kinachohesabu ni mara ngapi makala za miaka miwili iliyopita zimetajwa katika mwaka huu. Kwa kipimo hicho makala ya Januari 1967 ilikuwa na mwaka 1968 na mwaka 1969 tu wa kuonyesha thamani yake. Baada ya hapo mlango umefungwa. Lakini fikira ya Tomasulo ilihitaji miaka 28. Kamati yoyote ambayo ingelimkalia katikati ya muda huo, na karatasi zake mbili tatu mbele yao, isingeliona jambo la kumfanya apandishwe hata ngazi moja. Bahati yake ni kwamba alikuwa mhandisi wa kampuni, ambaye kazi yake ilikuwa ni kujenga.

Katika mwaka 1985 mambo mawili yalitokea. James Smith na Andrew Pleszkun walionyesha namna ya kuifuta ile aibu: amri zitendwe nje ya zamu, lakini matokeo yake yawekwe foleni, yathibitishwe kwa zamu ya karatasi, ili hitilafu ikitokea ijulikane ni ya mstari upi. Mwaka huo huo Yale Patt na wanafunzi wake, Wen-mei Hwu na Michael Shebanow, wakiwa Berkeley katika California, waliichukua fikira ya Tomasulo, iliyokuwa ya namba za desimali peke yake, wakaipanua ienee katika mashine nzima. Transista nazo zilikuwa zinazidi kuwa ndogo na rahisi mwaka hata mwaka. Mwezi wa Novemba mwaka 1995 kampuni ya Intel ikatoa prosesa yake iitwayo Pentium Pro, yenye transista milioni tano na nusu. Na ndani yake vilikuwamo vituo vya kungojea 20, vikiitwa kwa jina lile lile ambalo Tomasulo alivipa vile vitano vyake. Tangu hapo kitu kilichokuwa cha mashine 15 kikawa cha mamilioni ya nyumba.

Katika mwaka 1997 Tomasulo alipewa nishani ya Eckert na Mauchly, ambayo ni heshima kubwa kabisa katika elimu ya usanifu wa kompyuta. Miaka 30 ilikuwa imepita tangu kurasa zile 9.

Hapa msomaji atasema: basi bila shaka tangu hapo hesabu yake ya kutajwa imepanda mpaka mbinguni. Ni kweli imepanda, lakini si kwa kadiri ya kazi yenyewe, na sababu yake yapendeza kuijua. Katika mwaka 1990 John Hennessy wa Stanford na David Patterson wa Berkeley walitoa kitabu chao kikubwa cha usanifu wa kompyuta, na ndani yake waliieleza njia ya Tomasulo kwa mifano na majedwali. Kitabu hicho kimesomeshwa duniani kote, kikatolewa upya mara nyingi. Na waandishi wake wawili walipata nishani ya Turing ya mwaka 2017. Mwanafunzi wa leo humjua Tomasulo kutoka katika kitabu hicho, na akiandika makala hukitaja kitabu. Baadaye, akiisha kuwa fundi, hakitaji hata kitabu, kwani jambo lenyewe limekuwa kama hewa; nani amtajaye mtu kwa ajili ya hewa? Robert Merton, mtaalamu wa elimu ya jamii wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyaeleza mambo haya zamani: kwamba kazi fulani huingia katika elimu ya watu wote mpaka asili yake ikafutika, na kufutika huko ndiko kufaulu kwake.

Sisi tunao mfano mkubwa zaidi, na umo katika jina lenyewe la jambo hili. Wahandisi huita njia hiyo algorithimu ya Tomasulo. Neno algorithimu ni jina la mtu: ni Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad katika zama za Khalifa al-Ma'mun, karne ya tisa ya hesabu ya Kizungu. Kitabu chake cha kuhesabu kwa tarakimu za Kihindi kilifasiriwa kwa Kilatini katika karne ya kumi na mbili, na Wazungu wakalitamka jina lake Algoritmi. Mara ngapi kwa siku neno hilo huandikwa duniani? Na hakuna orodha hata moja inayomwandikia al-Khwarizmi kwamba ametajwa. Jina limemezwa na neno.

Wala Tomasulo si peke yake katika elimu yake. John Cocke, wa IBM pia, aliyefariki mwaka 2002, alikuwa ndiye chimbuko la mashine sahili zile tulizozitaja, kwa kazi iliyoitwa 801, ambayo yeye na wenziwe waliifanya katika miaka ya 1970. Cocke alikuwa mtu wa mazungumzo; alizunguka akiwaeleza watu fikira zake, na kuandika hakukupenda. Makala ya kuieleza mashine ya 801 ilipotolewa hadharani mwaka 1982 mwandishi wake alikuwa mwenzake George Radin. Huku nyuma Patterson na David Ditzel walikuwa wamekwisha kuandika yao mwaka 1980, iliyozua mabishano makubwa na kusomwa na kila mtu. Cocke alipewa nishani ya Turing mwaka 1987, kwa sababu waliotoa nishani walikuwa watu wanaomjua na kuijua kazi yake. Mashine ya kuhesabu isingeliweza kumwona.

Hatusemi kwamba hesabu zitupwe. Patterson ametajwa mara nyingi mno, na anastahili. Si kila atajwaye sana ametajwa kwa hila. Tena hesabu zina faida kwa mnyonge. Mwanachuoni wa chuo kidogo, asiye na mjomba katika kamati wala rafiki katika wizara, aweza kuonyesha kwamba kazi yake imetumiwa na watu wa mbali wasiomjua. Tangu mwaka 2004, ilipofunguliwa Google Scholar, kijana mwenye intaneti aweza kuifuata fikira nyuma mpaka chimbuko lake bila ya kulipa senti, na hii ndiyo ile nia njema ya Garfield. Tunacholalamikia ni kuifanya hesabu kuwa hakimu. Ikishakuwa hakimu, watu huanza kumhonga: huyu hujitaja mwenyewe katika kila makala, wale hutajana kwa zamu, mwingine hukata uchunguzi mmoja vipande vitatu apate makala tatu. Na wahandisi wa kompyuta wana malalamiko yao mahsusi. Wao hutoa kazi zao nzuri katika mikutano, kama ule mkutano mkuu wa usanifu wa kompyuta ulioanza mwaka 1973, na orodha za zamani zilihesabu zaidi majarida. Hivyo mtu aliweza kuwa bingwa mbele ya wenziwe na kuwa si kitu mbele ya karani wa chuo. Katika mwezi wa Desemba mwaka 2012 wanasayansi waliokutana San Francisco walikubaliana juu ya tamko la kuwaomba wakuu wa vyuo na watoa fedha wasimhukumu mtu kwa kipimo cha jarida, bali waisome kazi yake. Vyuo vingi vimetia sahihi. Kutia sahihi ni rahisi kuliko kusoma.

Tomasulo aliiacha IBM baada ya miaka 25, akafanya kazi katika kampuni nyingine, na baadaye akawa miongoni mwa walioanzisha kampuni iliyoitwa NetFrame. Mwezi wa Januari mwaka 2008 alikwenda Chuo Kikuu cha Michigan kuwazungumzia wanafunzi habari za kazi yake. Tarehe 3 Aprili ya mwaka huo huo alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 73.

Miaka kumi baadaye jina lake lilirudi katika jambo la hatari. Mwanzoni mwa mwaka 2018 wachunguzi, wakiwamo wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Graz huko Austria, walitangaza kwamba wamegundua ufa katika prosesa za kisasa, hasa za Intel, wakauita Meltdown. Msaidizi wa jikoni, akitangulia zamu yake, aliweza kufungua kabati asilokuwa na ruhusa ya kulifungua. Bibi wa nyumba alimgundua na kuifuta kazi yake. Lakini harufu ya viungo ilibakia jikoni, na mwizi mwenye pua kali aliweza kujua kilichomo kabatini. Jiko hilo lenye kubakisha harufu si jingine ila ile kumbukumbu ndogo ya haraka ya Wilkes. Kosa halikuwa la Wilkes wala la Tomasulo. Lilikuwa la wasanifu waliokuja baada yao, walioahirisha kukagua ruhusa ili wapate haraka. Lakini programu zinazoendesha mashine zilihitaji kutiwa viraka dunia nzima, na wachunguzi wakaandika makala, ambayo nayo imetajwa mno tangu siku ile.

Katika makala hiyo, walipofika mahali pa kueleza asili ya kutenda amri nje ya zamu, waliandika kwamba njia yake ilitolewa na Tomasulo mwaka 1967, wakatia namba ya marejeo kama adabu ya elimu inavyotaka. Orodha za kuhesabu hazina namna ya kujua kama mtu ametajwa kwa sifa, au kwa lawama, au katika habari za wizi uliofanywa katika nyumba aliyoijenga. Ziliona jina, zikaongeza moja.